Mwalimu Alipoishiwa Dakika

Kijiwe chetu cha chesi kiko kwenye kibaraza cha saluni ya kinyozi, mtaa wa Shanwe hapa Mpanda, na kwa miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuona mtu akimfunga mwalimu. Ni mkuu wa shule mstaafu. Nusu ya mtaa ilijifunza kusoma kwake, na chesi sisi sote alitufundisha yeye, jambo ambalo huenda ndilo lililotuponza: alitufundisha mpaka pale alipoona panatosha, akaishia hapo.

Kiti chake kilitazama barabara. Mwenyewe alisema ni kwa ajili ya mwanga.

Ukutani alikuwa amebandika karatasi yenye kanuni tatu kwa mwandiko wake wa ubaoni. Ukigusa kete umeicheza. Watazamaji wafunge midomo. Kila mchezaji ana dakika kumi na tano, na saa haisimami kwa sababu yoyote. Maneno ya mwisho yaliongezwa baadaye kwa kalamu nyingine, baada ya jamaa mmoja wa bodaboda kugundua kwamba ukipokea simu unaweza kufikiri bure. Saa yenyewe ilikuwa kwenye simu yangu, kwa hiyo mimi nikawa mshika saa, cheo pekee nilichowahi kupata bila kuomba. Kwa upande wa mwalimu kazi yangu ilikuwa nyepesi. Hakuwahi kuhitaji zaidi ya dakika sita kumfunga mtu.

Mwaka ule kijiwe kilipewa nafasi moja ya mashindano ya kanda, Tabora. Mwalimu aliichukua fomu, akaandika jina lake kwa penseli, akasema wino atautia siku ya kuituma. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi niliona penseli ni unyenyekevu.

Ndipo akaja mama wa dagaa. Alikuwa mtu wa Karema, ziwani. Kila baada ya wiki mbili alileta mzigo Mpanda, akaushusha sokoni, akalala kwa ndugu yake nyuma ya saluni, akarudi. Chesi alijifunza kwenye simu, akilinda dagaa wakauke, mkono mmoja na fimbo ya kufukuzia kunguru. Pale kijiweni alikuwa amecheza mara mbili tu, zote na kinyozi: moja alifungwa, moja alishinda.

"Shikamoo mwalimu," alisema. "Nataka jina langu liwe kwenye hiyo fomu."

"Marahaba. Nafasi ni moja, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa kinyozi."

"Mimi hapo nimeingiaje?" kinyozi aliuliza, mashine ikiwa juu ya kichwa cha mteja.

Mwalimu alitaka kujua Tabora kuna nini. Yule mama akamjibu: "Kwenye simu nacheza na watu nisiowaona. Nikishinda sijui kama najua au nimebahatisha. Nataka nikae mbele ya watu kumi wanaojua, nirudi nikiwa na jibu."

"Basi anza na mmoja," mwalimu alisema. "Ukinifunga, nenda. Jumamosi, saa tisa."

Jumamosi ile kulikuwa na mazishi mtaa wa Nsemulwa. Mwalimu ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu, na kwa kawaida hakosi. Hii nilikuja kuijua baadaye, kwa kuuliza uliza: asubuhi alituma rambirambi yake pamoja na udhuru, na kwa kuwa isingependeza kusema anakwenda kucheza chesi, alisema mwili haujakaa sawa.

Kinyozi aliwapa nafasi ndani, kwenye feni. Mama wa dagaa akasema nje panatosha, mwalimu amezoea kiti chake. Mwalimu alifurahishwa na adabu hiyo.

Wakaanza. Baada ya dakika sita za mwalimu mchezo ulikuwa bado mbichi, kwa sababu mama wa dagaa hakushambulia. Aliwapanga askari wake karibu karibu, akakaa. Mwalimu akisukuma hapa, yeye anaziba. Akizunguka kule, anaziba kule. Hakuwa anacheza vizuri sana, bali kama mtu anayelinda kitu kisiliwe, kazi aliyokuwa na uzoefu nayo.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Akapata mlango upande wa kushoto, akala farasi, kisha mnara, na nilipotazama saa, yake ilikuwa imebakiza dakika nne na ya mama saba. Ubaoni mwalimu alikuwa na malkia na mnara. Mama alibaki na farasi mmoja na askari watatu, mfalme wake kabanwa pembeni. Kinyozi alinitazama akatikisa kichwa. Tabora ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo watu wakaanza kurudi kutoka mazikoni.

Wa kwanza alikuwa mzee wa baiskeli. Aliteremka kabisa. "Mwalimu, pole. Tumeambiwa unaumwa."

Zamu ilikuwa ya mwalimu. Kumjibu mtu aliyeteremka kwenye baiskeli huku macho yako yakiwa ubaoni ni sawa na kumwambia hujamwona. Mwalimu akainua uso, na ndani ya sekunde moja akawa mgonjwa. "Aa, nashukuru baba. Ni mgongo tu."

"Mgongo au kiuno?"

"Mgongo. Kiuno kiasi."

Mzee alieleza dawa aliyoitumia yeye mwaka jana, na nani alimletea. Mwalimu akashukuru, akasogeza malkia. Mama wa dagaa akajibu mara moja. Wakaja kina mama watatu, wakapiga goti, wakampa pole. Hawakuweza kupita bila kumsimulia mazishi yalivyokwenda, maana katibu aliyelala mgonjwa ana haki ya kupewa taarifa: nani alisoma risala, mvua ilivyotishia. Mwalimu aliuliza maswali mawili. Asingeuliza, wangeshangaa.

Mimi nilikuwa nikiona namba zikishuka. Wote pale kibarazani walikuwa wakiziona, na wote tulikuwa watazamaji, na kanuni ya pili ilitufunga midomo. Mama wa dagaa hakuna aliyemsalimia zaidi ya "habari, dada". Ukimtoa ndugu yake, mtaani kwetu alikuwa hana mtu wa kumjulia hali, kwa hiyo dakika zake zilikaa palepale.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa kwaya. Aliutazama ubao, akamtazama mwalimu, akasema, "Kumbe unajikaza, unacheza usiwaze maumivu. Baba, tuombe." Akamshika mkono uleule uliokuwa unakwenda kwenye mnara. Mwalimu akafumba macho. Angefanya nini? Sala ilianza na mgongo, ikapita kwa watoto wake mmoja mmoja, ikafika kwa wafiwa, na simu yangu ililia kabla ya amina.

Mwalimu alifumbua macho. "Ya nani hiyo?"

"Yako, mwalimu," nilisema.

Mama wa kwaya alimalizia amina yake, akaondoka ameridhika. Kinyozi alikohoa. "Lakini sala nayo ni sababu?"

Mwalimu aligeuka, akaisoma karatasi yake ukutani kana kwamba imeandikwa na mwingine. "Yoyote ni yoyote," alisema. Akaitoa fomu mfukoni, akafuta jina lake kwa kifutio, akapuliza ule uchafu, akamwomba mama wa dagaa majina yake matatu. Safari hii aliandika kwa wino.

Ila hakuturuhusu kuugusa ubao. Ulikaa ndani ya saluni, juu ya friji ya soda, siku tano, kete zikiwa palepale. Kila mteja aliyekuja kunyoa alionyeshwa: "Tazama hapa. Hatua tatu tu, kwisha." Wengi hawakujua chesi, wakakubali.

Ijumaa gari la Tabora lilipita Shanwe kumchukua mama wa dagaa. Alikuja na begi kuaga. Mwalimu alikuwa ameuteremsha ubao mezani.

"Unajua ningekufunga," alisema.

"Najua, mwalimu. Nilikuwa nimekwisha."

"Utafika kule wakuulize ulishindaje."

"Nitawaambia saa ilikuishia."

Mwalimu aliguna. Kisha akainuka kwenye kile kiti kinachotazama barabara, akamwambia akae. "Shika upande wangu. Nionyeshe hizo hatua tatu. Usipoziona, huko unakwenda kunitia aibu."

Akakaa. Dereva alipiga honi, kinyozi akamfanyia ishara angoje. Mama wa dagaa aliweka mikono magotini, hakugusa kitu. Dereva akapiga honi ya pili. Ndipo akauacha mnara ambao mwalimu alikuwa akiwaonyesha wateja siku zote tano, akamsogeza malkia nafasi moja tu, kimyakimya, akatazama juu.

Mwalimu aliinama. Akamhamisha mfalme huku, akamrudisha. Akajaribu farasi, akamrudisha. Alisimama vile muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifikiri mchezo wowote, na wala hakuna aliyekuwa anamhesabia.

"Ni hatua mbili," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya nenda. Dereva anakusubiri."