Chumba cha Nyuma

Mbambu alikuwa na adui mmoja tu Kampala, na adui huyo alikuwa barabara. Dirisha la chumba chake pale Kisenyi lilitazama gereji na malori, na binti yake Darlène ana pumu. Kila jioni kifua cha mtoto kilipiga filimbi, mama akiyalaani malori kwa Kinande na kwa Kiswahili.

Mwishowe akamwangukia Nanyama, jirani yake Mkenya, wabadilishane vyumba. Cha Nanyama kilikuwa nyuma, kikitazama ua. Hata honi husikii. Nanyama alinuna kidogo, akakubali. Mbambu alihama asubuhi akiimba.

Kumbe ameruka majivu, amekanyaga moto! Jioni wapangaji wote wa nyuma walitoa sigiri zao, yale majiko ya makaa, wakaziwasha uani kama walivyozoea: kipande cha kavera juu ya makaa, kiberiti, plastiki inayeyuka, moto unashika. Mbambu naye akawasha yake, akaiweka chini ya dirisha ili aichunge huku akimtandikia mtoto. Ua ule una kuta ndefu pande zote, na moshi haukuwa na pa kwenda.

Darlène alikohoa, kisha akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomtisha mama. Mbavu zilizama, midomo ikabadilika rangi. Akampulizia dawa yake ya pumu; wapi! Akambeba, akakimbia uchochoroni hadi mahali pekee palipokuwa wazi: barabarani, kwa adui.

Nanyama alitoka mbio. "Mama Darlène, mtoto ako na nini?"

"Anakosa pumuzi! Leta kiti!"

Wakamketisha, wakampulizia tena, wakangoja. Upepo ulivuma, malori yakapita, na polepole kifua kikafunguka. Mtoto akaomba maji.

"Si ulisema huku ndiyo kubaya?" Nanyama akauliza.

Barabara haikuwa safi, nani atasema hivyo? Lakini hatua chache tu kutoka uani, hewa ilikuwa nyingine kabisa. Mbambu alitazama uchochoroni, akauona moshi mweusi ukipanda chini ya dirisha lake mwenyewe.

"Bakia naye," akasema.

Akarudi, akaimwagia maji sigiri yake, maharagwe yakiwa bado mabichi. Ndipo ikamjia kwamba hata kule mbele, miezi yote ile ya kulaani malori, sigiri hiyohiyo ilikaa chini ya dirisha. Akachuchumaa pale pale, akalia.