Barua Nyuma ya Kitambi cha Mkurugenzi

Lochakapong alizaliwa na miguu ya kuchunga ngamia, akaishia kufanya kazi ya kukaa. Mama yake kule Lorugum hakulimeza jambo hilo. Akiulizwa na majirani mwanawe anafanya nini Lodwar, alisema anachunga kisanduku. Kinakula nini? Kinakula stima ya jenereta. Na maziwa kinatoa? Hapo mama aliangalia pembeni na kuuliza habari za mvua.

Kisanduku chenyewe kilikuwa seva. Mwaka ulikuwa 1999, na shirika moja la misaada, ambalo silitaji kwa kuwa limeshakufa na marehemu hasemwi, lilikuwa limeamua kwamba watu wa Turkana, baada ya kukosa mvua, barabara na daktari, sasa wasikose intaneti. Likafunga sahani ya setilaiti juu ya paa. Seva ikawekwa katika stoo ya zamani ya mahindi ya msaada, ambamo panya walikuwa hawajaarifiwa kwamba matumizi ya chumba yamebadilika. Mzungu wa kujitolea alimfundisha Lochakapong kuiendesha, akamwachia kitabu kinene kama tofali, kisha akaugua malaria na kwenda kwao.

Mashine ilikuwa moja, kazi tatu. Ilibeba tovuti ya shirika. Ilibeba tovuti ya wauza samaki wa Longech, iliyokuwa na picha ya sangara mkubwa kuliko mtu aliyemshika. Na ilibeba ukurasa wa barua pepe, ambao wakimbizi wa Kakuma waliufungua kwa kompyuta iliyopiga simu hadi Lodwar, ili wasome walivyoandikiwa na ndugu zao waliotawanyika duniani.

Kitabu kilieleza kwa kurasa nyingi namna tovuti tatu zinavyoweza kuishi kwenye mashine moja bila kupigana. Lochakapong alisoma kurasa mbili, akacheka. Hiyo si awi tu, boma la Kiturkana? Boma la baba yake lilikuwa na lango moja na wake watatu, kila mke na kibanda chake, moto wake na chungu chake. Mgeni akifika langoni anataja amekuja kwa nani, anapelekwa. Asiyetaja anapelekwa kwa mke mkubwa, akanywe maziwa na kujieleza. Seva nayo ilitaka iambiwe hayo hayo: nani ni nani, na mgeni asiyetaja jina apelekwe kwa nani. Apelekwe kwa wa kwanza kwenye orodha.

Na wa kwanza ni nani? Mashine haikujali. Ingeweza kumtanguliza sangara na dunia ikaendelea. Lakini Lochakapong alikuwa amelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri hamtangulizi samaki mbele ya mkubwa wake. Akaiweka kwanza tovuti ya shirika, yaani picha ya Mkurugenzi. Adabu hiyo ndiyo iliyoleta balaa.

Picha ilijaza ukurasa. Mkurugenzi alikuwa amevaa suti katika joto la Lodwar, akitabasamu kama mtu aliyeambiwa atarithi, na kitambi chake kikiwa kimemtangulia mezani. Chini yake kulikuwa na kihesabu cha wageni.

Sasa, kompyuta ya Kakuma ilikuwa imestaafu katika shule moja Ulaya kabla ya kuletwa kambini kama msaada. Programu yake ya kufungulia tovuti ilikuwa ya kale mno, haikuwahi kufundishwa kutaja mgeni anamtaka nani. Ilifika langoni, ikasimama bubu. Na bubu anapelekwa kwa mke mkubwa. Kila mkimbizi aliyeomba barua zake alipewa Mkurugenzi.

Wengi walimtazama, wakaguna, wakajaribu tena kesho. Arek hakuwa na anasa hiyo.

Arek alikuwa fundi cherehani pale Kakuma, binti wa Kidinka mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Ndugu yake mkubwa, Makuei, alikuwa amepelekwa Kanada, na kutoka huko alimpigia kwa simu ya setilaiti ya kambi, ile inayokatika kabla hujamaliza kusalimia. Akamwambia kuna mtu ameleta habari ya ng'ombe wa mahari kwa ajili yake. Shujaa, mtu wa heshima. Anamtumia picha yake kwa barua pepe aitazame. Kama hamtaki, aandike upesi, kwa sababu wazee wanakaribia kukaa. "Ukinyamaza, nitajua umekubali," alisema Makuei, na simu ikakatika.

Kwa watu wake, kimya cha msichana ni neno. Ni desturi iliyomfaa kila mtu isipokuwa msichana.

Basi Arek akaenda kwenye kompyuta, akaandika anwani kama alivyofundishwa, na mbele yake akatokea bwana harusi: kipara, suti, tabasamu na kitambi.

Wenzake waliokuwa kwenye foleni nyuma yake walimpa pole. Mmoja akasema angalau hatalala njaa. Arek akatafuta mahali pa kuandika kwamba hamtaki yule mzee, hakupaona. Alibonyeza kila pembe. Mzee aliendelea kutabasamu, kihesabu kikapanda. Alirudi tena na tena, na kila aliporudi alikuwa amenyamaza zaidi kidogo, yaani anaolewa zaidi kidogo. Mwishowe akamlazimisha mtu wa redio ya shirika aiite Lodwar na kusema kwamba Arek wa cherehani hamtaki mzee huyo, na kwamba barua zao hazina mlango wa kutokea.

Lochakapong alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kisha akaelewa, akaacha kucheka. Programu mpya isingeingia kwenye kompyuta ile. Ni kama kumlisha mtoto wa mbuzi mahindi makavu. Dawa ilikuwa kubadili mke mkubwa tu: barua zitangulie, shirika lifuate. Akaenda kuomba ruhusa.

Alimkuta Mkurugenzi akiandikia wafadhili ripoti, furaha imemjaa. Kihesabu kilikuwa kimepanda kuliko wakati wowote. Lochakapong alieleza taratibu, kwa heshima, kwamba watu wa Kakuma hawamtafuti yeye.

"Wanatafuta barua zao, mzee. Wanakupata wewe."

"Na wakinipata, hawarudi?"

"Wanarudi. Wanajaribu tena."

"Basi wananipenda," alisema Mkurugenzi, akarudi kwenye ripoti. Orodha isiguswe.

Lochakapong alirudi stoo kwake na kile kitabu kinene. Kumshusha mke mkubwa kulikuwa kumekatazwa. Lakini nani alikataza kutoboa mlango nyuma ya kibanda chake? Mgeni bubu akishaingia humo, si anaweza kuonyeshwa njia ya ndani inayopita hadi kwa mke wa tatu? Kitabu kilikubali, ukurasa wa mbali ambao hakuna mtu angefika kwa hiari yake. Ilibaki kuamua mlango uwe wapi. Mkurugenzi asingevumilia maandishi karibu na sura yake, kwa hiyo mlango haukuandikwa. Uliwekwa katikati ya picha, mahali palipokuwa pana kuliko pote.

Akapanda pikapu ya shirika katika msafara wenye askari hadi Kakuma, kwenda kuwafundisha watu mwenyewe. Jambo lenyewe halingesemeka redioni. Mkurugenzi alikuwa na redio ofisini.

Arek alimpokea bila salamu. Lochakapong akamsalimu kwa Kiturkana, "ejok", akajibiwa kwa jicho. Alipomweleza kwamba yule si bwana harusi bali ni bosi, Arek aliuliza bosi anatafuta nini kwenye barua zake.

"Bonyeza tumbo," alisema Lochakapong.

"Tumbo la nani?"

"La mzee. Katikati, hapo kwa kifungo."

Arek alibonyeza kitambi cha Mkurugenzi kama mtu anayepima embe. Ukurasa wa barua ukafunguka. Foleni nzima ilinung'unika kwa raha.

Barua ya Makuei ilikuwepo, na chini yake picha, ikishuka polepole kutoka juu, mstari kwa mstari, kama pazia. Zikaja nywele. Kikaja kipaji cha uso na michanjo yake, mistari ya utu uzima inayokatwa kwa kisu huku mkatwaji ametulia kama jiwe. Mstari mmoja ulikuwa umepinda. Hapo simu ikakatika, na picha ikabaki bila macho.

Arek aliegemea mbele. Michanjo haipindi yenyewe. Inapinda mtu akitikisika, na kutikisika ni aibu ambayo mtu huivaa usoni mpaka kaburini.

"Huyu ni Yak," alisema. "Kambi yote ilimcheka huyu, mpaka akaondoka. Makuei ananiambia shujaa."

Lochakapong, ambaye hajui kufariji, alimwambia simu ikishika tena anaweza kuandika kwamba amekataa.

"Nani amekataa? Yak alisikia uchungu, akaonyesha. Yule bosi wako anacheka tu, hata ukimbonyeza tumbo."

Simu ilipopatikana tena hakungoja picha iishe. Alimwandikia Makuei kwamba amekubali, kwamba amekubali kwa maneno na si kwa kimya, na kwamba habari ya ushujaa wasimdanganye tena.

Kihesabu kiliendelea kupanda, maana sasa kila barua ya Kakuma ilipita tumboni. Wafadhili walivutiwa. Mkurugenzi akaamua kwenda mwenyewe kuwaona watu wanaompenda hivyo. Alipokelewa vizuri ajabu. Wanawake walimwangalia kitambi kwa shukrani ya kweli, na wengine walionekana wakizuia kidole kisinyooke.

Arek alikuwa anafunga cherehani yake, safari yake ya kwenda kuolewa na Yak ikiwa imeiva. Mkurugenzi akasimama mbele yake, akamuuliza kama anamfahamu.

"Tunafahamiana, mzee," alisema Arek. "Nilikukataa."

Mkurugenzi akatabasamu, tabasamu lile lile la picha. Lochakapong, aliyekuja naye, akainama kukagua gurudumu la pikapu, ambalo halikuwa na tatizo lolote.