Kidani cha Mama Mchungaji

Afadhali niwaambie mwenyewe, maana kijijini kwetu Ruanda wote wameshacheka. Nilianza kujifunza kwenye simu jinsi ya kuyazungushia waya wa shaba mawe ya kuokota, yawe vidani. Mawe matatu ya kwanza yalichomoka kabla sijamaliza kujisifu. La nne nililiokota njiani, nyuma ya zizi la jirani yangu, Baba Neema. Lilikuwa la rangi ya waridi, laini kama limepigwa msasa. Nikalifuta kwa kanga, nikalikazia waya mpaka vidole vikauma.

“Hili limesuguliwa na maji ya mto miaka na miaka,” nikamwambia mama mchungaji, mteja wangu wa kwanza. Uongo ulinitoka bila hata kukohoa.

Akalivaa Jumapili ya mavuno. Watu walileta mahindi na kahawa, Baba Neema akaleta ng'ombe mtamba. Tukiwa tunaimba nje ya kanisa, yule mtamba akakata kamba, akaenda moja kwa moja kwa mama mchungaji na kuanza kumlamba kifuani. Alikivuta kidani huku na huku, lakini waya haukulegea.

Baba Neema akamshika ng'ombe wake, akachungulia. “Mbona hili ni jiwe langu la chumvi ya ng'ombe? Wamelilamba msimu mzima!”

Nikatafuta pa kujificha, nikaona magunia ya mahindi tu.

Mama mchungaji akajifuta mate, akaupapasa ule waya.

“Mwanangu, kazi unaiweza. Nifungie lingine,” akasema. “Ila safari hii, lilambe kwanza.”