Yeremia wa Ukutani na Nyumba Yangu ya Bati la Kijani

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili ile niliyoanza kumlilia mume aliye hai. Cheka tu. Hata mimi leo nacheka, ila siku hiyo hapakuwa na wa kucheka.

Tulikuwa hapa Rusizi, Rwanda, mimi na watoto, tunakaa kwa wifi yangu kule Gihundwe. Kwetu ni Bukavu ya Kongo, pale ng'ambo ya maji. Vita vilipoanza tena, mume wangu, Papa Furaha, alinisukuma nivuke daraja na watoto, yeye akabaki kulinda nyumba. "Tangulia," aliniambia, "mimi nitakuya kesho." Asubuhi yake mpaka ukafungwa. Kesho hiyo ikawa wiki, na wiki zikawa nyingi. Simu hatukuwa nayo. Habari zilikuja kwa midomo ya watu wa sokoni, nami nimeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, miaka mingi, naijua midomo hiyo vizuri.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Ukisimama Cyangugu, ile ya chini karibu na ziwa, Bukavu iko mbele yako kama ugali kwenye sahani. Nyumba yetu ya bati la kijani ilikuwa kwenye mteremko unaotazama huku. Mtoto mdogo angeweza kukuonyesha kwa kidole. Mimi sikutazama hata mara moja. Nikiteremka sokoni nilipita upande wa pili wa barabara, kitenge nimekivuta mpaka machoni. Watu walidhani nina haya. Ulikuwa woga, mwanangu. Nilijiambia kwamba nisipotazama, nyumba bado ipo na aliye ndani yake bado yupo.

Kanisa letu lilikuwa huko huko chini. Mchungaji alikuwa anatuhubiria kitabu cha Yeremia, wiki baada ya wiki, mpaka akaona maneno peke yake hayatoshi. Akamwomba Mzee Fideli atuchoree ukutani. Huyu Mzee Fideli alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Kongo na kuzeekea Kongo, huko akichora vibao vya saluni na maduka, kisha akarudi nyumbani na burashi zake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mkali wa maneno, lakini watoto walimpenda. Alitundika shuka kuukuu mbele ya ukuta, akakataza mtu yeyote kuchungulia. Siku picha ilipokwisha akashikwa na homa, kwa hiyo Jumapili mashemasi ndio walioliondoa lile shuka.

Weee! Upande mmoja nabii ameketi juu ya jiwe, ameshika tama, machozi yamemfika ndevuni. Upande wa pili Yerusalemu inaungua, mji juu ya vilima, maji chini yake, moto unatoka madirishani. Kanisa zima likasema "Yesu!" kwa sauti moja. Nami nilikuwa benchi la mbele. Nikaona mteremko ninaoujua. Nikaona mti wetu wa avoka. Nikaona bati la kijani, na juu ya bati ndimi za moto.

Kwetu kanisani palikuwa na desturi: mtu akisali sana huweza "kuonyeshwa", Mungu akamfunulia jambo lililofichika, naye akalileta mbele ya watu. Maman Sofi wa kwaya, jirani yangu sokoni, mwanamke mwema sana ila ulimi wake haujui kukaa, akaruka juu. "Mzee ameonyeshwa! Ni Bukavu ile! Nyumba ya Maman Furaha inaungua!"

Nami nikaamini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi sote tulikuwa tumeumwa; hakuna hata aliyekumbuka kutazama ng'ambo. Jioni nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, miguu peku, na wanawake wameshaleta unga na makala, makaa ya kupikia kilioni. Wifi yangu peke yake ndiye aliyeuliza, "Ni kaka yangu huyo. Nani amemwona amekufa?" Wenzake wakamjibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kisha Furaha wangu, mtoto wa kwanza, akaja akaniinamia. "Maman, Papa amekufa?" Nikamwambia ndiyo. Nilimwambia mtoto wangu ndiyo, na ushahidi wangu ulikuwa rangi ya ukutani.

Kulipokucha Mzee Fideli akaja, blanketi mabegani, anatetemeka bado. Nilidhani analeta pole.

"Nani amesema mimi nimeonyeshwa?" aliuliza kabla hata ya kusalimu.

Maman Sofi akaanza kutazama vidole vya miguu yake.

"Mi sikuonyeshwa kitu. Yerusalemu sijafika. Nilitafuta muji wa juu ya milima, nikaona uko pale mu dirisha ya kanisa, nikachora. Manyumba ni ya Bukavu, moto ni ya Biblia. Basi!"

"Lakini Mzee," nikasema, "pengine Mungu aliongoza mkono wako."

"Angeniongoza, angenipa na dawa ya hii homa." Akaketi mbele yangu, pale pale chini. "Maman, tangu ufike huku, umeangalia ng'ambo mara ngapi?"

Nikavuta kitenge machoni. Wifi yangu akanijibia, "Hata moja!" Huyo naye!

Mzee hakunigombeza tena. Sauti yake ikashuka. "Binti yangu, Yeremia alilia, ni kweli. Lakini alilia muji wenye aliona na macho yake. Wewe unalia ukuta."

Akasimama, nasi sote tukamfuata: mimi, wifi, watoto, na waombolezaji na mikeka yao. Tulipokaribia ziwa nilifumba macho, wifi akanishika mkono kama kipofu. Mzee akasema, "Fungua." Nikafungua jicho moja.

Nyumba ilikuwa imesimama. Bati lile lile la kijani, chafu kidogo. Na nyuma yake, upande wa jikoni, moshi mwembamba ulikuwa unapanda, moshi wa mtu anayepika.

Nilipiga ukelele uliowashtua bata majini. Tukakumbatiana, tukalia, Maman Sofi akalia kuliko mimi. Halafu nikautazama tena ule moshi.

"Ngojeni kwanza," nikasema. "Nani anapika?"

Maana Papa Furaha alikuwa mwalimu, na tangu anioe hakuwahi kushika mwiko. Hata chai aliikuta mezani. "Nani anapika mu nyumba yangu?" Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa njiani. Mzee Fideli akafuta macho kwa blanketi. "Jana mjane, leo ana wivu. Bwana asifiwe, amepona!"

Haikupita muda mrefu daraja likafunguliwa, na katika waliovuka alikuwemo yeye. Amekonda, viatu viwili visivyofanana, na usoni hana nyusi. Nikamwuliza hata kabla ya kumsalimu, "Nani alikuwa anakupikia?"

"Ni mimi," akasema. "Makala ilikataa kuwaka, nikamwaga petroli." Katika moto wote ule wa ukutani, mwanangu, kilichoungua kwangu ni nyusi za mume wangu.

Nilikuwa nacheka bado nilipogeuka kumwita Furaha. Hakumkimbilia baba yake. Alikuwa amejificha nyuma ya kitenge changu, anatetemeka. "Maman," akasema, "si ulisema amekufa?" Kicheko changu kikaishia hapo. Mpaka jioni alikuwa hajakubali kuguswa. Siku nyingi zilizofuata alikuwa akiamka usiku kwenda kumsikiliza baba yake kama anapumua. Jeraha lile halikutoka kwa wanajeshi, nililitia mimi kwa neno moja.

Sisemi kila anayengoja hupata. Kaka yake Maman Sofi, aliyebaki ng'ambo naye, hajavuka daraja mpaka leo, nasi tulimlilia, kilio cha kweli. Watu wa kanisa waliposema picha ifutwe, Mzee Fideli alikataa. "Yerusalemu iliungua," alisema, "nami siwezi kuizima." Akachukua ukuta wa pili akamchora Zekaria, yule nabii aliyesema wazee wataketi tena katika njia za mji huo na watoto watacheza humo. Watoto wetu ndio waliosimama mbele yake awachore.

Nyinyi wa leo ukuta wenu mnaubeba mkononi, kwenye simu, na kila saa kuna mji unaungua humo na Maman Sofi anaruka juu. Mwanangu, kabla hujaamini msiba, nenda ukautazame. Ukikuta ni kweli, lia, hata manabii walilia, wala usione haya. Lakini usiuache woga uwe shahidi wako, na neno la kifo usilitie sikioni mwa mtoto mpaka umeliona kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu mtu aliyezikwa mdomoni, hata akirudi na miguu yake, mtoto ataendelea kumwogopa.

Nenda na amani. Mungu akupe ujasiri wa kutazama, na unaowapenda awavushe salama, hata wakija bila nyusi.