Maiki Iliyosikia Tumbaku Yangu

Mjukuu wangu alipomaliza kidato cha nne, mwaka wa 2012, mwanangu wa kiume alipiga simu kutoka Kaaleng. Ana duka huko, la unga, sukari na mafuta ya taa, na alitaka msichana aende akasimame nyuma ya kaunta. Msichana hakutaka. Alikuwa na gitaa aliloachiwa na mwalimu wa kwaya aliyerudi kwao, na tangu alipolishika alikuwa analiweka chini wakati wa kula tu. Mama yake, ambaye ni binti yangu, yuko Kerio na samaki wake. Mtoto alikuwa mkononi mwangu hapa Lodwar, kwa hiyo ugomvi nao ulikuwa wangu.

Nikamwambia mwanangu, "Huyu hatauza unga. Huyu atasikika kwa redio."

"Redio gani, Mama?"

"Hii ya hapa. Jumapili wanapiga muziki wa watu wa hapa. Kwani wewe husikilizi?"

Alicheka. Halafu akasema, "Sawa. Redio ikichukua gitaa lake kabla ya Pasaka, akae. Isipochukua, nakuja mwenyewe kumchukua, na usinizuie."

Nilikubali papo hapo, bila kumuuliza msichana. Nikienda kwa bomba la maji niliwaambia wanawake wote kwamba wafungulie redio zao, mjukuu wangu anakuja. Sikuona sababu ya kusubiri.

Msichana alikuwa amejirekodi kwa simu yake. Akaipeleka redioni. Kijana wa vipindi aliweka vile vidude masikioni, akasikiliza kidogo, akavitoa. Alimwambia mkono wake ni mzuri kwa nyuzi, lakini huo mlio ni kama samaki wanakaangwa. "Tafuta maiki, hata ya bei ya chini, urekodi tena nyumbani. Gitaa likija safi, nalichukua."

Basi niliuza beberu, tukaenda mjini.

Mwenye duka la redio na spika ni mtu wa kutoka Kenya, kama tunavyosema sisi, maana yake huko chini ng'ambo ya Kitale. Alitutolea maiki tatu. Moja ilikuwa ndogo kama kijiti, ya kuongelea kwa kompyuta. Ya pili ilikuwa ile ya kanisani, yenye kichwa cha wavu ambacho mhubiri hukaribia kukimeza. Ya tatu ilikuwa nene, inang'aa kama sufuria mpya, imelala kwenye boksi lenye kitambaa, na mguu wake wa kusimamia.

Msichana alikuwa anasoma maandishi kwenye maboksi. Mimi niliishia darasa la tatu, sikupoteza muda na maboksi. Mbuzi namshika mgongo, nabonyeza pale juu ya figo, najua mafuta yapo au hayapo. Nikazipima mkononi moja moja. Ile ya kung'aa ilikuwa nzito, imeshiba.

"Hii," nikasema.

"Shosho unajua kuchagua," mwenye duka akasema. "Hiyo ni ya studio. Inasikia kila kitu."

"Mimi si bibi yako. Funga."

Kusikia kila kitu, nilidhani ni sifa.

Nyumba yetu ni ya mabati, mwanangu alinijengea, na si kila mzee hapa mtaani ana nyumba kama hiyo. Msichana aliweka maiki mezani, akaichomeka kwa kompyuta kuukuu ambayo mama yake alimnunulia na pesa ya samaki, akapiga gitaa jioni moja jua likishuka. Mimi nilikaa kwa pembe, kimya. Tulipofungua kusikiliza, gitaa lilikuwepo, tamu, mpaka kucha ikigusa uzi unaisikia. Lakini lilikuwa limekaa katikati ya soko. Mabati yalikuwa yanapoa na kulia tak, tak. Upepo ulikuwa unavuta mlango. Mbuzi wa jirani walikuwa wanarudi na watoto wao wanalia. Na chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kinatafuna, taratibu, nyam, nyam.

"Hiyo ni nini? Panya?"

Msichana aliangalia chini. "Ata, ni wewe. Ni tumbaku yako."

Ata ni bibi, kwa lugha yetu. Nilitema tumbaku nje, akarudia. Sasa maiki ikasikia nikipumua.

Tuliirudisha dukani. Mwenye duka hata hakuinuka kwenye kiti. "Mali ikitoka hairudi. Na hiyo si mbovu. Nilisema inasikia kila kitu, sikusema?"

Alisema. Siwezi kumsingizia. Tulipotoka nje msichana akaniambia yeye alikuwa anaitaka ile ya kanisani.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, Ata."

"Basi ungesema kwa nguvu."

Pasaka ilikuwa inakuja. Mwanangu alipiga simu kuuliza kama msichana ameanza kufunga nguo zake. Nikamwambia afunge zake.

Kwaya ya kanisa letu iliwahi kualika Mkongo mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mpiga gitaa, anayerekodi nyimbo za makanisa nyumbani kwake. Msichana alikuwa na namba yake. Tulikwenda na maiki yetu imefungwa kwenye leso. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo, ndogo, na kuta zote ameziangikia mablanketi, hata dari. Ukiongea humo ndani, sauti yako inakufa mbele ya mdomo wako.

Aliifungua leso, akaigeuza maiki, akapiga mluzi.

"Mama, hii mikro iko muzuri sana. Haina kosa. Lakini ni mutoto wa masikio mingi. Ukimuweka mu nyumba ya makelele, atakuletea makelele yote. Munakaa nyumba ya namna gani?"

"Ya mabati."

Alishika kichwa. "Mabati! Mama, unarekodi ndani ya ngoma!"

Akatoa ya kwake ya zamani. Ilikuwa aina ile ya kanisani, wavu umebonyea upande mmoja, waya umezungushiwa selotepu. Niliishika. Nyepesi. Kama ingekuwa mbuzi ningeicheka mbele ya mwenyewe.

"Hii iko kiziwi kidogo," akasema. "Inasikia tu kile kiko mbele ya pua yake. Kwa nyumba yenu, kiziwi ndiye atawasaidia. Tubadilishane."

Nilimwambia siwezi kubadilisha mali kwa maneno. Aziweke zote mbili, mlango uwe wazi na watoto wacheze nje kama kawaida yao, msichana apige wimbo huohuo mara mbili. Mimi nikakaa nyuma ya gitaa na tumbaku mdomoni, nikatafuna kwa bidii kuliko siku zote.

Tukasikiliza. Kwa maiki yangu tulisikia gitaa, watoto, mpira wao wa makaratasi, na meno yangu. Kwa ile ya kubonyea tulisikia gitaa. Watoto walikuwa mbali, kama wako ng'ambo ya mto. Meno yangu hayakuwepo.

Lakini msichana uso ulimshuka. "Ile yetu ina utamu, Ata. Hii imekuwa nzito, kama gitaa limevaa koti."

"Kweli," Mkongo akasema. "Ukipata nyumba ya kimya, ile yenu inashinda hii. Lakini unayo nyumba ya kimya?"

Nikajibu mimi. "Redio ilisema gitaa safi. Haikusema gitaa tamu. Tunabadilisha."

Mkongo akafurahi haraka sana, nikajua kwamba yangu ndiyo ya thamani. Nikamwambia sibadilishi ng'ombe kwa mbuzi bila nyongeza. Nilitaka waya, na kile kiboksi kidogo cha kuiunganisha na kompyuta, na mguu wa kusimamia, na amfundishe msichana mpaka ajue.

"Mama, utaniacha uchi!"

"Una mablanketi."

Alicheka mpaka akakaa chini, na akatoa vyote. Alimfundisha msichana asiielekeze maiki kwenye lile tundu la gitaa, kwa sababu tundu linanguruma kama fahali na kufunika nyuzi. Aiweke pale shingo inapoingia kwenye tumbo, karibu, kiasi cha shibiri moja, imeinama kidogo. Na kwa sababu kiziwi anahitaji kusemeshwa kwa nguvu, apige karibu na apige imara. Akiongeza sauti kwa kompyuta sana, itaanza kuvuma. Halafu akanigeukia. "Na mutafute nyumba laini, Mama. Kila kitu laini kinakula makelele."

Nyumba laini naijua. Kwetu mwanamke ndiye anayejenga. Siku tuliyorudi nilienda mtoni kukata fito, nikakusanya makuti ya mkoma, nikaanza kusimamisha akai, ile nyumba yetu ya mviringo, nyuma ya nyumba ya mabati. Majirani walikuja kutazama.

"Wewe, mtoto wako amekujengea mabati, umerudi kwa manyatta?"

"Najenga studio."

"Studio ya nani?"

"Fungulieni redio, mtajua."

Makuti yalinisumbua. Upepo ukipita yanasuguana na kunong'ona, na hata yule kiziwi aliyasikia. Nikatandika juu yake ngozi zote za ng'ombe nilizonazo, nyingine nikaazima, na ndani nikaangika mablanketi kama nilivyoona Kakuma. Ilikuwa giza na nene. Ukiingia na kusema neno, linakufa vilevile.

Kilichobaki ni saa. Asubuhi hapa upepo ni mwingi, jioni mbuzi wanarudi. Mchana katikati upepo unakatika, mifugo iko mbali, na kila mwenye akili amelala. Tukachagua mchana. Yeyote anayejua jua la Lodwar ataelewa nikisema msichana alikuwa anatoka humo amelowa kama aliyeoga na nguo zake, nyuzi zinamteleza vidoleni. Mimi nilikaa nje na fimbo. Kuku niliwafukuza, watoto niliwafukuza. Mara moja wimbo ulikuwa unakaribia mwisho, jirani akatokea kwa kona na sauti yake yote, "Ejok!" Ni salamu tu, lakini nilimrushia kiatu.

Mwishowe msichana alinivalisha vidude vya masikio. Nikasikia gitaa. Nilisubiri kitu kingine nyuma yake, hakikuja.

Alipeleka vipande viwili redioni, kimoja anaimba, kingine gitaa peke yake. Kijana wa vipindi alisikiliza vyote mpaka mwisho. Akasema, "Kuimba bado. Gitaa nimechukua."

Jumapili ikaja, halikupigwa. Jumapili nyingine, kimya. Wanawake wa bomba la maji walianza kuniuliza kwa sauti ya upole, na upole wao ulinichoma kuliko matusi. Mwanangu akasema anakuja na lori la wiki ya Pasaka.

Kisha asubuhi moja tuko kwa bomba, redio ya mwenye kioski iko juu, matangazo ya vifo yakaanza. Mtangazaji akataja marehemu wa Todonyang, na ndugu zake walioko wapi na wapi, na chini ya maneno yake kulikuwa na gitaa. Polepole. Nililijua kabla ya uzi wa pili.

"Nyamazeni," nikawaambia. "Hilo ni la nyumbani kwangu."

Wakanyamaza. Halafu mmoja akasema, "Lakini wamempa maiti."

"Maiti ana ndugu. Ndugu wanasikiliza."

Msichana alilia kidogo, alitaka kipindi cha Jumapili. Mwanangu akapiga simu kabla hata sijafika nyumbani.

"Mama, nimesikia. Lakini hayo ni matangazo ya vifo."

"Ulisema redio ichukue gitaa kabla ya Pasaka. Pasaka imefika?"

"Haijafika."

"Gitaa umelisikia?"

"Nimelisikia. Dukani watu wote waliacha kuongea. Watalipiga tena?"

"Kila mtu akifa."

"Basi watalipiga kila siku," akasema, na sauti yake haikuwa ya kucheka. "Haya. Nitatafuta mtu mwingine wa kaunta."

Msichana nilimrudisha kwenye akai mchana uleule, kwa sababu redio walikuwa wameomba kipande kingine, kifupi, cha matangazo ya mifugo iliyopotea. Nilimwambia hicho akipige haraka. Mtu anayetafuta ngamia hana nafasi ya kukaa.