Ugonjwa Mmoja kwa Msimu

Hyasinta wa Kansay, Mama Aneth kwa majirani, alikuwa katibu wa kikundi cha kulimiana, watu kumi na wawili wanaozunguka na majembe yao shamba kwa shamba. Kanuni zote aliziandika kwa mkono wake, na aliyoipenda zaidi ni ya saba: mwanachama anaruhusiwa ugonjwa mmoja kwa msimu. Aliitunga kwa ajili ya jirani yake Piusi, aliyeugua mgongo mwezi wa pili na malaria mwezi wa tatu. Piusi alifukuzwa, na Hyasinta akausoma uamuzi huo kwa sauti ya padri. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Msimu uliofuata mwili wake ukaanza vituko. Asubuhi alilima kama trekta. Ikifika saa kumi kope zinaanguka, na makande yanamshinda kutafuna. Modest, mwenyekiti, akasema huo ni uvivu wenye ratiba. Hospitalini nako alifika asubuhi, mwili umepumzika usiku kucha, akaambiwa ni mzima kuliko muuguzi. Mara ya tatu alikwenda na jembe. Akapalilia bustani ya maua ya hospitali tangu alfajiri, na alipoitwa saa nane kope zilikuwa zimeshafunga duka. Hapo daktari akaelewa: kinga ya mwili wake ilikuwa inapiga pale mishipa ya fahamu inapokutana na misuli. Akapewa vidonge, na kikundi kikampa ruhusa. Ugonjwa mmoja, haki yake.

Mwezi haujaisha, jicho la kulia likauma, likazima ndani ya siku tatu, na miguu ikafa ganzi. Hospitali ikamwongezea vidonge vilevile. Faili lilishaandikwa ugonjwa mmoja, na mwenye ugonjwa adimu asiwe na tamaa ya wa pili. Ilibidi damu yake isafiri mpaka Dar es Salaam ndipo daktari akubali kwamba ni mawili: kinga hiyohiyo imeshambulia pia mshipa wa jicho na uti wa mgongo. Alisema hajawahi kuyaona yote kwa mtu mmoja, nusura ampongeze. Dawa mpya zikaanza kuirudisha miguu. Jicho halikurudi.

Wakati huo maharage yake ya ngwara yalikuwa yanamezwa na magugu, na bila kikundi asingevuna hata debe. Kikao kikaitishwa. Modest alisoma kanuni ya saba polepole, akisifu mwandiko.

"Mama Aneth, ungeandika mawili, leo tungekuwa shambani kwako."

Barua ya daktari ilikuwa mfukoni mwa Hyasinta. Hakuitoa, maana ilitaja magonjwa yote mawili kwa majina, na kwa kanuni yake mwenyewe huo ulikuwa ushahidi dhidi yake. Alirudi nyumbani akiburuza miguu, na aibu ilimuuma kuliko jicho.

Alfajiri akasikia jembe likigonga mawe shambani. Alikuwa Piusi, kiuno amekifunga kitenge kwa ajili ya ule mgongo. Hyasinta akamwonya kwamba kikundi kitamchukia.

"Katibu, mimi ulishanifukuza," Piusi alisema. "Hakuna wa kunifukuza tena."

Akainama, akaendelea. Kwa mazoea ya ukatibu Hyasinta alitaka kumwambia kwamba ameruka magugu mstari wa pili, ikashindikana. Alikuwa analia kwa macho yote mawili, hata lile lisiloona.