Saba ya Pau na Mbili ya Uru

Mimi ni mtu nisiyejua kurudisha kitu nilichopewa. Mke wangu analijua hilo na analitumia vibaya: akinipa chai iliyozidi sukari nainywa mpaka tone la mwisho, halafu ndipo anapocheka. Nililelewa hivyo. Nyumbani kwetu Handeni, mtu mzima akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili na unashukuru, hata kama ni kipande cha muhogo mchungu. Kukirudisha ni kumwambia kwamba mkono wake haufai. Mama alikuwa na kofi maalumu kwa kosa hilo, na shavu langu bado linalikumbuka.

Malezi hayo nusura yanikoseshe mke.

Nilikuwa fundi cherehani, na kila nilipoishiwa vitambaa nilipanda basi la asubuhi kwenda Korogwe. Kwenye duka moja karibu na stendi kulikuwa na binti aliyepima kitambaa kwa rula ya mbao, na akifika mwisho wa mita alisogeza kidole gumba mbele kidogo kabla ya kukata. Kwa wateja wengine kidole hakikusogea. Nikaanza kuishiwa vitambaa kila wiki. Mwaka haukuisha, nikamwambia nataka kutuma mshenga kwao.

"Kwanza uje ucheze na baba," alisema.

Baba yake alikuwa amestaafu ufundi kwenye kiwanda cha mkonge pale Ngombezi. Alihudumia korona, ile mashine inayochuna majani ya mkonge, iliyokuwa na jina lake zuri tu kabla maradhi hayajaja kulichafua. Zamani mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kuifunga mashine hiyo alimfundisha poka, naye hakuiacha tena. Kila Jumapili mchana yeye na wastaafu wenzake wawili walitandika mkeka barazani wakashindana. Pesa haikuguswa. Mkewe alisema kamari haitaingia kwake, kwa hiyo walichezea maharage, na mchezo ukiisha maharage yalirudi jikoni. Punje zikikuishia, unatoka mkekani. Anayebaki peke yake anakula firigisi ya kuku wa siku hiyo. Katika nyumba nyingi za kwetu firigisi haigombewi, ni ya baba. Mzee huyu aliamua kuigombea nyumbani kwake mwenyewe, na mara nyingi aliipata.

Poka yao ilikuwa hivi. Kila mtu anapewa karata mbili, anazitazama kwa siri. Akizipenda anaweka maharage na kuendelea. Asipozipenda anazirudisha kifudifudi na kungoja mgawo mwingine. Baadaye karata tano zinafunuliwa katikati ya mkeka, za wote, na kila mmoja anaziunganisha na zake. Kazi kubwa iko pale mwanzo, kujua zipi za kucheza na zipi za kurudisha.

Wachumba wawili walishanitangulia. Wa kwanza alirudisha kila kitu akingoja wafalme, na kwa kuwa kila mzunguko una punje ya lazima, maharage yake yakaisha bila hata kucheza. Mzee akasema huyo atamlaza mwanangu njaa akingoja neema. Wa pili alicheza kila alichopewa. Mzee akasema huyo ana tamaa. Wote wawili walikunywa chai, wakaaga, na washenga wao hawakupokelewa. Mimi nikapewa Jumapili tatu.

Aliyegawa karata siku zote alikuwa mzee mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mgeni," akaninyooshea karata zangu mbili. Nikazipokea kwa mikono miwili. Tisa na tatu. Nilijua hazifai, sikuwa mjinga kiasi hicho. Lakini nilimtazama yule mzee, baba wa mtu ninayemtaka, ametoka kunipa kitu kwa mkono wake, nikashindwa kabisa kurudisha. Nikaweka maharage. Nikafanya vivyo hivyo kwa malkia na mbili, kwa tano na nne, na kwa takataka nyingine zote zilizofuata. Wali haujaiva, mimi nilishatoka mkekani, nimekaa nawaangalia kuku waliosalia.

"Fundi huyu anashona kila kitambaa," alisema rafiki mmoja wa mzee, dereva wa trekta wa zamani. Wakacheka. Mzee hakucheka.

Jumapili ya pili nikarudia yaleyale na kutoka mapema zaidi. Nikiwa ndani ya basi narudi Handeni, ukaingia ujumbe wa binti yake: *Una wazimu? Mbona unacheza kila karata?*

Nikamwandikia ukweli: *Anayegawa ni baba yako. Nitamrudishiaje?*

Jibu lilichelewa mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha zikaja meseji tatu mfululizo. Ya kwanza ilikuwa kicheko kitupu. Ya pili ilikuwa somo: *Mbili zinazofanana, cheza. Ree na mfalme, cheza. Ukiwa wa mwisho kuamua unaweza kulegeza kidogo, umeshawaona wenzio. Punje zikipungua usiwangoje wafalme, watakukuta umeshatoka. Saba na mbili usicheze, hata akikupa nani.* Ya tatu ilisema: *Nimekaa jikoni nalia na kucheka. Usinikose.*

Nilikuwa na miaka thelathini, nina cherehani mbili na mwanafunzi wa kazi, na nilikaa kwenye kiti cha basi nikifuta macho kwa kipande cha bitana. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote za vitambaa.

Jumapili ya tatu, kabla mzee hajaanza kuchanga karata, binti yake alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga. "Baba, leo nitagawa mimi. Nyinyi chezeni tu."

Mzee alimtazama, akanitazama na mimi, akampa karata.

Alizichanga vizuri kuliko wote, maana alikuwa ameuangalia mchezo ule tangu utotoni. Kwake niliweza. Alinipa nane na tatu, nikarudisha. Alinipa sita na mbili, nikarudisha. "Hata hizi huzitaki?" aliuliza, akijifanya amekasirika. Alinipa tisa na tisa, nikacheza na kushinda. Nikiwa wa mwisho kuamua alinipa malkia na kumi, nikalegeza kidogo kama nilivyofundishwa, nikashinda tena. Dereva wa trekta akatoka. Mwenzake akamfuata. Tukabaki mimi na mzee, na harufu ya kuku ikawa imeshafika barazani.

Hapo mzee akanyoosha mkono kwa binti yake. "Lete. Sasa nagawa mimi."

Binti alimpa karata na kunitazama mara moja tu. Mzee alizichanga polepole, akaninyooshea mbili, nikazipokea kwa mikono miwili. Saba ya pau na mbili ya uru.

Karata zile sasa ziko kwenye droo ya cherehani yangu, zimelainika kwa kushikwa. Mzee alitutoka mwaka juzi. Nikizitoa, hizo mbili ndizo ninazozitafuta kwanza.

Siku ile nilizitazama mara mbili. Kisha nikapiga goti mkekani, nikazinyoosha mbele yake kwa mikono miwili. "Samahani, mzee," nikasema. "Hizi sizitaki."

Mzee alizipokea, naye kwa mikono miwili, na kinyume cha sheria yake mwenyewe akazifunua na kuzitazama.

"Tangu Jumapili ya kwanza nilijua si tamaa," alisema. "Mwenye tamaa hapokei hivyo. Nikasema, huyu ananiogopa. Na mimi iko siku nitakuja kwenu nikiwa nimekosea, nitake jambo lisilo na heri kwa mwanangu. Asiyeweza kunirudishia karata atanikataliaje siku hiyo?"

Jikoni sufuria lilianguka, na mpaka leo mke wangu anasema liliteleza.

Tukaendelea kucheza. Migawo miwili mbele mzee alinimaliza kwa wafalme wawili, bila huruma yoyote, na mkeka ukakunjwa. Chakula kikaletwa. Mzee alikaa mbele ya sahani yake, firigisi iko juu ya wali, ameshinda kwa haki na kila mtu ameona. Akaiinua kwa vidole vyake vikubwa vya ufundi na kuninyooshea.

"Haya, mwanangu," akasema.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Hiyo sikuirudisha.